Acheni Kusema Chuma Huongeza Damu

Ningepewa kalamu nyekundu ya mhariri mkuu kwa siku moja tu, kuna sentensi mbili ningezifuta kwenye kila ukurasa wa afya. Ya kwanza: chuma huongeza damu. Ya pili: mitokondria ni kiwanda cha nguvu cha seli. Ya kwanza mnaisikia redioni, mnaisoma kwenye kibandiko cha chupa ya juisi ya rozela, mnatumiwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo saa kumi na moja alfajiri. Ya pili mliikariri sekondari, kwa Kiingereza, na wengi wenu mmeshasahau kila kitu kingine cha baiolojia isipokuwa hiyo.

Si uongo, hata moja. Ingekuwa uongo tungeumaliza kwa nusu saa tukaenda zetu. Shida ni kwamba ni ukweli wa juujuu wenye mlio wa methali, na kitu kikishakuwa na mlio wa methali watu hawakihoji tena. Wanakirudia. Na sisi waandishi wa habari ndio warudiaji wakuu.

Mtaniuliza, hapa ni mahali pa vitabu na uhakiki, protini zimeingilia wapi? Zimeingilia mlango wa sitiari. Mshairi chipukizi akiandika kwamba moyo wake umepasuka, tunamkalisha chini tunamchambua mpaka anajuta. Lakini mwandishi wa afya akiuchora mwili wa mtoto kama tangi la mafuta, likishuka unajaza, hakuna anayenyanyua kichwa. Na hiyo picha ya tangi si ya kuchekesha. Ilipimwa juu ya watoto wetu wenyewe, kisiwani Pemba. Nitafika huko.

Kwanza chuma chenyewe. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini, uzito wa msumari mdogo, na sehemu kubwa yake, kama theluthi mbili, imo kwenye hemoglobini. Kinachoingia kutoka kwenye chakula kwa siku ni miligramu 1 au 2 tu. Uboho wa mifupa unahitaji miligramu 20 na ushee kila siku kutengeneza chembe nyekundu mpya, na karibu zote zinatoka kwenye chembe zilizozeeka ambazo mwili umezibomoa wenyewe. Kama fundi anayejenga kwa matofali ya nyumba ya jana. Na hakuna mlango wa kutolea ziada. Mwili una njia ya kutoa maji yaliyozidi na chumvi iliyozidi, lakini chuma kilichozidi hauna pa kukipeleka. Unachoweza ni kukizuia mlangoni kisiingie.

Kwa nini uchoyo wote huo? Kwa sababu chuma kikiachwa peke yake ni mhuni. Kikikutana na hidrojeni peroksaidi, ambayo seli zinaitengeneza kila siku katika shughuli zao za kawaida, kinazalisha vipande vya molekuli vikali vinavyokata DNA na kuharibu utando wa seli. Kwa hiyo hakiachwi. Kila kinapokwenda kinasindikizwa, na msindikizaji ni protini.

Hapa ndipo wanabayolojia wa maumbo wanapostahili kusomwa kama wasomwavyo wahakiki wa fasihi, maana kazi yao ni kusoma umbo. Wanachukua protini, wanaigeuza fuwele, wanaipiga eksirei, na kutokana na namna miale inavyotawanyika wanajua kila atomi imekaa wapi. Siku hizi kuna hadubini za elektroni zinazofanya hivyo hata bila fuwele. Waliposoma transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu, walikuta ina ndewe mbili, na kila ndewe ina bonde katikati. Chuma kikitua bondeni kinashikwa pande sita: tairosini mbili, histidini moja, aspatati moja, na kipande cha kabonati kinachoshika pande mbili zilizobaki. Kisha ndewe inajifunga, kama kiganja kinachofumbata sarafu. Bila kabonati mshiko haukazi. Transferini ikishaingizwa ndani ya seli, mahali penye asidi, kiganja kinafumbuka na chuma kinaachiwa.

Sasa sikilizeni jambo moja dogo. Kwa mtu mwenye afya njema, karibu theluthi moja tu ya nafasi hizo za kubebea ndiyo ina chuma. Mtu wa tangi ataruka hapo hapo: theluthi mbili ziko tupu, jaza! Lakini utupu huo ndio ulinzi wenyewe. Nafasi tupu ni mikono inayosubiri kudaka chuma chochote kitakachoponyoka. Ukizijaza zote umewafunga walinzi mikono.

Kuwalinda na nani? Na bakteria, kwa sehemu kubwa. Karibu kila bakteria anayetuugua mwilini anahitaji chuma kama sisi, na hana cha kununulia. Kwa hiyo anaiba. Wizi wake una ufundi ambao ukiuweka kwenye riwaya ya upelelezi msomaji atakwambia umezidisha.

Chukueni E. koli. Anatengeneza molekuli ndogo iitwayo enterobaktini na kuitoa nje. Ina mikono mitatu, kila mmoja una oksijeni mbili za kushikia, jumla sita. Pande sita zilezile. Ikikifumbata chuma haikiachii, ni miongoni mwa molekuli zinazoshika chuma kwa nguvu kuliko zote zinazojulikana. Bakteria anairudisha ndani ikiwa imebeba mzigo, na ili kukitoa chuma analazimika kuikatakata molekuli yenyewe. Anavunja kibubu kila akitaka hela.

Mwili wetu ukajibu. Seli nyeupe za damu hutoa protini iitwayo siderokalini. Mwaka 2002 umbo lake likiwa limeshika mawindo lilipochapishwa, ilionekana ina kikombe chenye vyumba vitatu ambamo mikono mitatu ya enterobaktini inatumbukia na kutulia. Mwizi anatuma mfuko, sisi tunaudaka mfuko. Na mwizi naye akajibu. Salmonela, ndugu wa karibu wa E. koli, anaibandika enterobaktini yake sukari. Basi, hicho tu. Ikishabandikwa sukari haiingii tena kikombeni, imekuwa nene. Vita nzima imepiganwa kwa kubadili umbo, wala si kwa kuongeza kiasi.

Mwingine ni Neisseria meningitidis, mmoja wa bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo. Huyu hahangaiki kutuma mifuko. Ana protini mbili juu ya ngozi yake zinazomkamata msindikizaji mwenyewe: zinaishika transferini ya binadamu, si ya panya, zinalifumbua bonde na kukichukua chuma. Picha ya protini hiyo ikiwa imeikumbatia transferini yetu ilichapishwa mwaka 2012. Hebu itazameni siku moja mkipata nafasi. Wapo wanaolipia kiingilio kutazama filamu zenye ujambazi hafifu kuliko huo.

Mwili, kwa kuyajua haya, ukiugua unafunga ghala. Ini linatoa homoni iitwayo hepsidini, mlango wa chuma utumboni unafungwa, na seli zinazobomoa chembe zilizozeeka zinakatazwa kukiachia walichokipata. Chuma kipo, ila kimefichwa. Ukimpima mgonjwa huyo damu utaikuta imepungua. Mtu wa tangi atamwona ana upungufu na atamjaza. Kumbe mwili umezima taa makusudi kwa sababu kuna mwizi ndani ya nyumba, na wewe unaingia na kurunzi.

Ndipo tufike Pemba. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, wakati malaria bado imeshamiri kisiwani, watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa kila siku kidonge cha chuma na asidi ya foliki, wengine hivyo pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na kitu. Nia ilikuwa njema na ilikuwa na mantiki: watoto wana upungufu wa damu, chuma huongeza damu, wape. Agosti 2003 makundi ya chuma yakasimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yalipochapishwa kwenye jarida la The Lancet Januari 2006, waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali kuliko wasiopewa.

Sitaki mtu anishike shati kwa nisichokisema. Sisemi enterobaktini ndiyo iliyowalaza watoto wale. Malaria ilikuwa na mkono mkubwa, na vimelea vya malaria si bakteria. Pia malaria yenyewe humfungulia mtoto mlango wa salmonela kuingia kwenye damu, hilo madaktari wa Afrika wanalijua kwa uchungu, kwa hiyo maadui hawa huja wakiwa wameshikana mikono. Na ndani ya utafiti uleule, watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma tangu mwanzo, na ambao malaria yao ilifuatiliwa na kutibiwa, walifaidika. Utafiti pacha uliofanyika Nepal, ambako malaria si tatizo kubwa, haukuona madhara hayo. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba palipo na kinga na tiba ya malaria ya uhakika, kuwapa watoto chuma hakuongezi hatari. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha maelekezo yake kwa mujibu huo.

Na kama wewe ni mjamzito na umepewa vidonge kliniki, meza vidonge vyako. Nasema kwa sauti kubwa kabisa. Nanyi wa kundi la ukoo msikate kipande cha makala hii mkakisambaza eti mwandishi amesema chuma ni sumu. Kliniki wanakupima, wanajua una mimba ya miezi mingapi, wanakupa dawa ya malaria na chandarua. Ninayegombana naye ni yule anayeuza kitenzi kimoja, "huongeza", kwa kila mtu, bila swali hata moja.

Lakini angalieni tulivyoandika habari hii. Ni habari kutoka kwenye kisiwa kinachozungumza Kiswahili, watoto wenye majina kama ya watoto wetu, utafiti uliobadili sera ya dunia nzima. Mwanafunzi wa udaktari aliyeko London anaujua utafiti wa Pemba kwa jina. Mwulizeni jirani yako wa Temeke, au hata wa Chake Chake. Tumeiacha sentensi ya tangi iendelee kutamba kana kwamba Pemba haikutokea, kwa sababu sentensi ni fupi, tamu, na inajaza nafasi ya sekunde thelathini kabla ya tangazo.

Sasa ile ya pili. Jina la kiwanda cha nguvu lilitiwa nguvu na Philip Siekevitz, aliyelitumia kama kichwa cha makala yake katika Scientific American mwaka 1957. Wakati ule lilikuwa na msisimko wake, watu walikuwa wametoka tu kugundua jinsi seli inavyopata nishati. Karibu miaka sabini baadaye sisi bado tunalikaririsha kama dua.

Hebu tumtazame Giardia, kile kimelea cha kwenye maji machafu kinachokuharisha choo chenye mafuta na harufu mbaya. Kwa miaka mingi ilidhaniwa hana mitokondria. Mwaka 2003 zikaonekana: vijifuko vidogo kabisa, masalio ya mitokondria. Havitengenezi nishati. Havina hata mtambo wa kuitengenezea. Kinachofanyika mle ni kuunganisha chuma na salfa kuwa vishada vidogo, atomi mbili kwa mbili au nne kwa nne, ambavyo protini nyingi za seli haziwezi kufanya kazi bila kuvaa. Kiwanda kimefungwa, mashine zimeng'olewa, lakini chumba kimoja kimebaki na taa inawaka. Ndicho chumba ambacho hamkuambiwa shuleni kwamba kipo.

Hamira ya maandazi ni hivyohivyo. Ukiinyima uwezo wa kupumua itaishi kwa sukari, itaumua unga kama kawaida. Ukiinyima uwezo wa kutengeneza vishada ndani ya mitokondria, inakufa. Kwa hiyo kati ya kazi mbili, iliyo na uzito wa uhai na mauti kwa hamira si ile ya kwenye wimbo wetu.

Na vishada hivyo vinatengenezwaje? Kwa vifaa vya kibakteria. Mitokondria, kama alivyotetea Lynn Margulis mwaka 1967 baada ya majarida mengi kuikataa makala yake, ni uzao wa bakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine akakaa, akawa mwenyeji. Protini inayotumika kama meza ya kuundia vishada kwenye E. koli inaitwa IscU, na ya kwetu ni ISCU. Ni ndugu, ukizilaza sambamba unaona sura ya ukoo. Kwa hiyo hadithi ya mwizi na mlinzi niliyowapa hapo juu ina ukurasa wa pili: mmoja wa wale waliokuja kutafuta riziki kwetu zamani sana hakutoka tena, na leo ndiye tunayempelekea chuma chetu akitengeneze. Hata hemu, kile kiini chekundu cha hemoglobini, hatua ya mwisho ya kukipachika chuma ndani yake hufanyika kwenye mitokondria. Mnaona sasa sentensi zangu mbili zilivyo sentensi moja iliyokatwa vipande? Anayesema chuma huongeza damu haelezi kinaongezea wapi. Anayesema kiwanda cha nguvu anakificha chumba ambamo jambo lenyewe hutendeka.

Kuna ugonjwa unaoivunja picha ya tangi vipande vipande. Nikolaus Friedreich aliueleza huko Heidelberg mwaka 1863: kijana, mara nyingi akiwa katika umri wa kubalehe, anaanza kuyumba akitembea, ulimi unakuwa mzito, na moyo unaugua. Ni ugonjwa wa kurithi, nadra, na unawapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya, Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na India. Mwaka 1996 jeni yake ilipatikana. Inatengeneza protini ndogo iitwayo frataksini, inayofanya kazi pale pale mezani pa vishada. Ikipungua, vishada havitoshi, na chuma kinaanza kurundikana ndani ya mitokondria huku sehemu nyingine za seli zikitoa ishara za njaa ya chuma. Mafuriko chumbani, ukame sebuleni, nyumba moja. Mtu wa tangi atampa nini mgonjwa huyu?

Na bakteria wana frataksini yao, CyaY. Maumbo ya hizi mbili yanafanana mno, kiasi kwamba ukionyeshwa picha bila jina unaweza kuzichanganya. Lakini kwenye majaribio ya maabara, ya binadamu iliharakisha uundaji wa vishada, ya bakteria ikaupunguza kasi. Baadaye ikaonekana kwamba tofauti inategemea protini nyingine wanayofanya kazi nayo, ile inayoleta salfa. Mhakiki yeyote wa fasihi angelielewa hilo bila shida: neno lilelile, muktadha mwingine, maana kinyume. Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia eti mambo haya ni mazito mno kwa Kiswahili, eti msomaji atachoka. Nimetumia kiganja, kikombe, kibubu, meza na kishada. Msomaji aliyezisoma tenzi za beti mia tatu atachoshwa na kishada?

Hivi karibuni nilinunua chupa ya dawa ya maji kwenye duka moja la dawa, nikasoma kibandiko chote, pamoja na yale maandishi ya sisimizi. Huongeza damu. Hurudisha nguvu. Kwa rika zote. Nikamuuliza muuzaji kama mtoto mwenye selimundu anaweza kunywa. Akasema tena huyo ndiye anaihitaji zaidi, si damu yake ndogo?

Damu yake ni ndogo, kweli. Chembe zake zinavunjika upesi kuliko za wengine, na kwa sababu hiyo huenda ameshaongezewa damu mara kadhaa hospitali. Kila chupa ya damu ya mtu mzima ina miligramu 200 hivi za chuma au zaidi, na nilishasema mwili hauna pa kukitolea. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na damu pungufu na chuma tele kwa wakati mmoja, kimejikusanya kwenye ini na moyo, na wapo wanaopewa dawa ya kukitoa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Muuzaji yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma kibandiko, na kibandiko kiliandikwa na mtu aliyesoma ukurasa wetu wa afya. Chupa bado iko mezani kwangu, nusu yake imefunikwa na bei.